Mjadala wa Sangara: Sayansi, Vyombo vya Habari na Thamani za Jamii

Sangara akiisha kutolewa minofu katika viwanda vya Mwanza, hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mabaki hayo huitwa mapanki. Upande wa Kenya huitwa mgongo wazi. Hukaushwa juani au hukaangwa, kisha huuzwa kwa watu wasiomudu bei ya minofu, na mengine husagwa kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 2004 mapanki yalionyeshwa katika majumba ya sinema ya Ulaya. Mwaka 2006 yakawa sababu ya hotuba ya Rais wa Tanzania na ya maandamano katika barabara za Mwanza. Si mara nyingi mifupa ya samaki hupata heshima ya namna hiyo.

Makala haya yaeleza jinsi suala la kibiolojia la ziwa moja lilivyogeuka kuwa suala la uchumi, kisha la afya, na hatimaye la heshima ya taifa. Ziwa lilikuwa lile lile, na samaki alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa juu yake, na aliyepata nafasi ya kuliuliza.

Kauli za namna mbili

Katika kila mjadala wa mazingira zimo kauli za namna mbili. Ya kwanza ni kauli ya hali, ambayo ukweli wake waweza kupimwa: "Uzito wa samaki waliovuliwa umeongezeka." Ya pili ni kauli ya thamani, ambayo hueleza kitu gani ni chema, ni kibaya, au chastahili kulindwa: "Ni afadhali tani moja ya samaki wa kuuza kuliko spishi mia za samaki wadogo." Hakuna mizani wala darubini iwezayo kuthibitisha kauli ya pili.

Kama kauli hizo zingekuja zikiwa zimetengana, kazi ya msomaji ingekuwa nyepesi. Lakini mara nyingi hujificha pamoja ndani ya neno moja. Mtu asemapo kwamba "ziwa limeharibika," yaonekana kama ametoa taarifa ya vipimo. Kwa hakika ametoa taarifa na hukumu kwa pamoja, na msomaji ana haki ya kuuliza: limeharibika kwa nani? Kwa mvuvi, kwa mchuuzi wa kike wa mwaloni, kwa mwanabiolojia, kwa hazina ya serikali, au kwa samaki wenyewe?

Ziwa kabla ya sangara

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo hugawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya. Kwa upana wake si ziwa la kina kirefu, kwani mahali penye kina kikubwa hapazidi sana meta 80. Wanajiolojia wameonyesha kwamba ziwa hili lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena. Katika muda huo ambao ni mfupi mno kwa hesabu za mageuko ya viumbe, zilitokea humo spishi zaidi ya 500 za samaki wadogo waitwao furu. Wajaluo huwaita fulu, na Waganda nkejje. Wako furu walao mwani, walao konokono, walao wadudu, walao mayai na makinda ya furu wenzao. Mahali pachache duniani pameonyesha mfano wa namna hiyo.

Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba ziwa halikuwa limetulia kabla ya sangara kuingia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake zikaja nyavu za kutega za kiwandani. Katika muda wa miaka ishirini tu samaki aliyependwa kuliko wote, ngege, alianza kupungua, hata ukafanywa uchunguzi rasmi wa uvuvi mwaka 1927 na 1928. Habari hii husahauliwa mara kwa mara na waandishi wapendao kuanza hadithi na ziwa lililo kama bustani ya Edeni.

Neno "takataka" na matokeo yake

Upimaji uliofanywa kwa nyavu za kukokotwa na meli mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wakaao karibu na sakafu ya ziwa. Katika taarifa nyingi za uvuvi za wakati huo, samaki hao waliitwa "samaki takataka". Sababu ni kwamba walikuwa wadogo, wenye miiba mingi, na bei yao ilikuwa hafifu. Wananchi wa kando ya ziwa waliwakausha juani na kuwala pamoja na ugali kwa karne nyingi, lakini mlo huo haukuingia katika hesabu za fedha.

Kitu kikiisha kuitwa takataka, swali linalofuata huwa moja tu: kitumiwe vipi ili kiwe na faida? Majibu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuwasaga, na miaka ya 1970 kikajengwa Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. La pili lilikuwa limekwisha anza zamani zaidi, nalo ni kumtia ziwani samaki mkubwa alaye samaki wadogo, ili "takataka" igeuke nyama. Samaki huyo ni sangara, Lates niloticus, aitwaye mbuta upande wa Kenya na mputa upande wa Uganda. Asili yake ni maji ya Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Huweza kufikia urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200.

Katika miaka ya 1950 jambo hilo lilizusha ubishi mkali kati ya wataalamu. Maofisa wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda walilitaka, wakifikiria chakula na biashara, na pia mchezo wa kuvua kwa ndoana uliopendwa na Wazungu wa koloni. Waliopinga walikuwa hasa watafiti wa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, mwaka 1960 alichapisha makala ya kuonya. Hoja yake ilitegemea kanuni ambayo kila mwanafunzi wa biolojia huifahamu. Katika kila ngazi ya mfuatano wa chakula, sehemu kubwa ya nishati hupotea, na takriban sehemu moja ya kumi tu hupita kwenda ngazi ya juu. Basi kumla samaki aliyekula furu ni kupata chakula kidogo kuliko kuwala furu wenyewe.

Hapa pana fundisho. Kanuni ile ya nishati ilijulikana kwa pande zote mbili. Tofauti yao ilikuwa katika kipimo. Mmoja alihesabu kilo za samaki. Mwingine alihesabu shilingi. Wavuvi, ambao maisha yao ndiyo yaliyokuwa yakiamuliwa, hawakuwa na nafasi katika ubishi huo, kwa kuwa uliendeshwa ndani ya mafaili ya serikali na majarida ya kitaalamu ya Kiingereza. Nao uamuzi haukungoja ubishi uishe. Inaaminika kwamba sangara wa kwanza walitiwa ziwani mwaka 1954, na mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa hadharani upande wa Uganda na Kenya.

Takataka yageuka hazina

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi sangara walibaki wachache. Kisha wakaongezeka kwa ghafla, kwanza upande wa Kenya karibu na mwaka 1980, baadaye Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 katika Ghuba ya Mwanza. Wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwaka 1977, walishuhudia nyavu zao za uchunguzi zikitoka tupu mahali palipokuwa pamejaa furu miaka michache kabla. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka.

Mwaka 1985 kundi la wanabiolojia, wakiongozwa na C. D. N. Barel, lilichapisha katika jarida la Nature makala iliyoitangazia dunia juu ya uharibifu wa uvuvi katika maziwa ya Afrika. Baada ya hapo habari ilienea katika magazeti na majarida ya kawaida ya Ulaya na Marekani. Furu, waliokuwa takataka katika taarifa za uvuvi, sasa wakawa hazina ya mageuko. Na sangara akawa dubwana. Maneno yote mawili, "takataka" na "hazina," yalisemwa juu ya samaki wale wale, na watu wenye shahada za sayansi. Hakuna lililotokana na vipimo.

Pamoja na huzuni ya kupotea spishi, waandishi wengi walitabiri kwamba uvuvi wenyewe ungeanguka. Katika jambo hili vipimo viliwakatalia. Jumla ya samaki waliovuliwa ziwani, iliyokuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, ilifikia kama tani 500,000 karibu na mwaka 1990. Je, kanuni ya nishati ilikuwa ya uongo? Hapana. Furu walipopungua, sangara waligeukia uduvi, dagaa, na hata watoto wao wenyewe. Na uduvi walikuwa wameongezeka, kwa kuwa masalia ya mimea na viumbe yaliyokuwa yakiliwa na furu sasa yaliwafaa wao. Aidha, maji yalikuwa yakizidi kurutubika, na idadi ya mitumbwi na nyavu ilikuwa ikiongezeka mwaka hata mwaka. Mfuatano wa chakula ulikuwa umepangika upya, kwa namna ambayo hakuna upande uliokuwa umeitazamia.

Hoja ya kuni nayo yastahili kutajwa. Sangara ni samaki mwenye mafuta mengi, hakauki vizuri juani kama furu, hivyo ilibidi abanikwe kwa moshi au akaangwe. Ikaandikwa kwamba misitu ya visiwani na ya pwani ya ziwa inaangamia kwa ajili yake. Hoja hiyo ilikuwa na msingi wa kweli. Lakini viwanda vya minofu vilipoanza kununua samaki wabichi na kuwahifadhi kwa barafu, sehemu ya samaki waliobanikwa ilipungua, na pamoja nayo ikapungua nguvu ya hoja.

Na mwaloni ilisemwaje? Mwanzoni wavuvi wengi walimlaumu sangara. Alipasua nyavu zilizotengenezwa kwa samaki wadogo, mafuta yake yaliwachefua walaji, na bei yake ilikuwa duni. Miaka michache baadaye watu wale wale walimwita mkombozi, kwa kuwa aliwajengea nyumba za bati na kuwalipia watoto ada ya shule. Halafu viwanda viliposhika soko, miaka ya 1990, bei ilipanda hata wanawake wengi waliokuwa wakichuuza samaki wakashindwa kushindana na mawakala wa viwanda, wakabakiwa na mapanki. Hukumu tatu, katika kizazi kimoja, kando ya maji yale yale.

Kinachopigika picha na kisichopigika

Vyombo vya habari huhitaji kitu cha kuonyesha. Sangara wa kilo 100 akining'inia kwenye mizani hupigika picha vizuri. Hali kadhalika gugu maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia upeo wake karibu na mwaka 1998, likiziba bandari na mialo. Mashua iliyonaswa katikati ya majani mabichi haihitaji maelezo marefu.

Lakini badiliko kubwa pengine kuliko yote halina sura. Kwa kuchunguza tope lililojitandaza tabaka kwa tabaka katika sakafu ya ziwa, wanasayansi wameonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mwani ulikuwa ukiongezeka, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka ziwa. Naitrojeni na fosforasi huletwa na mito itokayo mashambani, na maji machafu ya miji, na hata moshi na vumbi vinavyoanguka kutoka hewani. Mwani hufa, huzama, na kuoza. Kuoza huko hutumia oksijeni, hata sehemu za chini za ziwa zikakosa hewa ya kutosha viumbe. Maji nayo hupungua mwangaza. Furu wa kike humchagua dume kwa rangi yake, na mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba penye maji ya ukungu rangi hazitambulikani vizuri, spishi zikachanganyikana na kupotea hata bila ya kuliwa na mtu wala sangara.

Jambo hili lina uzito kwa mjadala wetu wa thamani. Hadithi ya sangara ina mkosaji mmoja, mwenye meno, tena mgeni. Hadithi ya fosforasi haina mkosaji anayeonekana. Wahusika wake ni mkulima anayelima mteremko, mji usio na mabomba ya maji machafu, na msitu uliofyekwa kuni. Si ajabu kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyosimuliwa zaidi.

Mlaji wa mbali

Katika miaka ya 1990 ukaingia mjadala mtu mwingine, ambaye hajawahi kuliona ziwa, naye ni mlaji wa Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya ziliweka vizuizi mara tatu juu ya samaki wa Ziwa Victoria: mara ya kwanza kwa hofu ya vijidudu vya salmonela, mara ya pili kwa hofu ya kipindupindu, na mara ya tatu kwa habari kwamba watu fulani walivua kwa kutia sumu majini. Habari ya sumu ilikuwa na chanzo cha kweli. Kuhusu kipindupindu, mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohusika na chakula na afya yalieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa njia ya samaki hao ilikuwa ndogo. Lakini hofu ya mlaji haipimwi kwa hesabu ya hatari peke yake, na sokoni hofu ni hali kama hali nyingine. Viwanda vilipunguza kazi au kufunga, na bei mwaloni ikaanguka. Kwa muda, baadhi ya wakazi wa kando ya ziwa waliweza tena kununua sangara mzima.

Filamu ya mapanki

Filamu iliyotajwa mwanzoni yaitwa Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, nayo ilitengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria. Ilipata tuzo kadhaa, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Inaonyesha ndege kubwa zikichukua minofu Mwanza, watoto wasio na makao, wanawake wauzao miili, mapanki yenye funza yakianikwa, na inarudia swali: ndege hizo huja na nini? Silaha? Mtengenezaji alieleza kwamba sangara ni mfano tu wa utaratibu wa uchumi wa dunia ambamo mwenye nguvu humla mnyonge. Wapinzani, akiwamo mwanahistoria wa Ufaransa François Garçon, walijibu kwamba kupanga picha mbili moja baada ya nyingine si kutoa ushahidi, na ubishi wao ukafika mahakamani. Nchini Tanzania Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo katikati ya mwaka 2006, na huko Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Mwalimu atakayeitumia filamu hii darasani aanze na kichwa cha samaki. Katika nyumba nyingi za ziwani na za pwani, kichwa cha samaki ni kitoweo cha kugombewa, pengine hupewa mkubwa wa nyumba. Katika nyumba nyingi za Ulaya kichwa hutupwa. Kwa hiyo picha ya mtu anayenunua vichwa humwambia mtazamaji wa Paris neno moja, "ufukara," na humwambia mtazamaji wa Musoma jambo jingine. Hata hivyo tofauti hiyo ya desturi haimalizi swali. Je, anunuaye mapanki huyachagua, au hununua kwa kuwa minofu haimudu? Hilo ni swali la hali. Lajibika kwa kuchukua bei za sokoni na mapato ya watu, wala halijibiki kwa hotuba au kwa muziki wa huzuni.

La kushangaza zaidi ni kile kilichokosekana. Filamu ilimtaja sangara kama mharibifu wa ziwa, kisha ikaenda kwenye mambo ya ndege. Waliojibu walitetea heshima ya nchi na ajira za viwandani. Furu, fosforasi na oksijeni havikupata msemaji. Katika mjadala huo mkubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa juu ya Ziwa Victoria, ziwa lenyewe halikuzungumzwa sana.

Mlaumiwa alindwa

Tangu miaka ya 1990, kwa kadiri sangara walivyovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wameanza kuonekana tena. Si wale wale kabisa. Baadhi yao wamepimwa na kukutwa na mashavu ya kupumulia yaliyo makubwa kuliko ya wazee wao wa miaka ya 1970, dalili ya kuishi katika maji yenye oksijeni haba. Dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena, ndio wameongoza kwa uzito wa samaki wanaovuliwa. Sangara naye amekuwa mtu wa kuhurumiwa. Kanuni ziliweka sentimeta 50 kuwa kipimo cha chini cha sangara anayeruhusiwa kuvuliwa, na mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha msako mkubwa wa nyavu haramu ulioitwa Operesheni Sangara, nyavu nyingi zikachomwa moto. Katika lugha ya redio na magazeti ya siku hizo, kulinda mazingira ya ziwa kulimaanisha, kwa sehemu kubwa, kumlinda sangara.

Zoezi

Wanafunzi na wachukue habari moja ya gazeti kuhusu mazingira ya wilaya yao: msitu, mto, mgodi, au dampo la takataka. Kila sentensi iandikwe katika safu ya hali au safu ya thamani. Sentensi zitakazokataa kuingia katika safu moja ndizo zenye faida zaidi. Zijadiliwe kwa kutafuta neno linalobeba hukumu ndani yake, na kulibadilisha na neno jingine, ili kuona jinsi maana inavyogeuka. Kisha kundi moja liorodheshe watu wote waliohojiwa katika habari hiyo, na kundi la pili liorodheshe wanaoishi karibu na mahali panapozungumzwa. Orodha hizo zilinganishwe.

Kwa shule zilizo karibu na ziwa, kazi iwe ya kwenda mwaloni mara moja kwa juma kwa muhula mmoja, kuandika bei ya dagaa, ya sato, ya sangara mzima na ya mapanki, pamoja na majina ya samaki kama wauzaji wenyewe wanavyoyataja. Furu wakionekana, aandikwe kila mmoja, na rangi yake.